Karatasi Saba za Mpishi

Bakuli la shaba lilikuwa mkononi mwangu na mishumaa ilikuwa imebaki vidole viwili. Wageni wanane, wamevaa mavazi ya Uingereza ya mwaka 1816, walikuwa wameshaandika kila mmoja kwenye kikaratasi jina la mtu aliyemtilia sumu Bwana Mkubwa. Kazi yangu ilikuwa kusoma tu.

"Mpishi," nikasoma cha kwanza. Wakaangua kicheko.

Cha pili: "Mpishi." Cha tatu: "Mpishi," na mwandishi amepiga mistari miwili chini yake. Cha nne, cha tano, cha sita. Nilipofika cha saba walikuwa wananiwahi kabla sijakikunjua, wote kwa sauti moja, kama watu wanaoitikia kibwagizo: Mpishi!

Cha nane kilikuwa kimelowa. Aliyekiandika alikuwa na mikono yenye maji, na wino ulikuwa umetambaa mpaka pembeni. Nilikisogeza karibu na mshumaa.

"Kapteni."

Kapteni ndiye aliyeua. Mchezo niliutunga mwenyewe, kwa hiyo nilijua tangu mwanzo. Na aliyeandika kile kikaratasi kilicholowa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, aproni kiunoni, sahani tatu mkononi.

Alikuwa Mpishi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Februari. Zimepita wiki tisa, na bado naisikia ile sauti ya watu wakiitikia.

## Melimeli

Mnaonisoma siku zote mnajua habari za mashono yangu, sitazirudia. Ila kaka yangu aliyeko Tanga, kila nikimtumia picha ya gauni jipya, huniuliza swali lile lile: "Wewe na nguo za hao watu mna nini?" Nami jibu langu huwa ni kitambaa.

Bibi yetu alikuwa na gauni la melimeli kwenye sanduku. Alilitoa mara moja kwa mwaka kulianika kivulini, na kabla ya kulikunja tena aliingiza mkono ndani yake na kusimama dirishani ili tuone vidole vyake upande wa pili. Tulipiga kelele kama tumeona mazingaombwe. Nilikuja kujua ukubwani kwamba Waingereza wa miaka ya 1810 walikuwa wakikililia kitambaa hicho hicho, kile chepesi kilichofumwa Bengali, Dhaka hasa, ambacho wanawake wao walikishona magauni meupe yenye kiuno kilichopanda mpaka chini ya kifua. Bahari iliyotuletea sisi nguo za India ndiyo iliyowapelekea na wao. Kufikia miaka hiyo viwanda vya Lancashire na Scotland vilikuwa vimeshaanza kutengeneza melimeli yao, na pamba yake nyingi ililimwa na watumwa wa Marekani.

Nayajua haya yote. Ninapokata kitambaa huwa nayakumbuka, na mkasi unaendelea.

Zama zenyewe zinaitwa Regency kwa sababu mfalme George wa Tatu aliugua akili, na mwanawe akakaimu kiti kuanzia Februari 1811 mpaka baba alipofariki Januari 1820. Miaka tisa tu. Lakini nenda Bath mwezi wa Septemba, kwenye tamasha la zama hizo, dakika chache kwa treni kutoka hapa Bristol, uone mamia ya watu wanavyotembea barabarani na makoti ya mikia na kofia za kufungwa kidevuni, watu wazima wenye kazi zao na mikopo ya nyumba. Nimeshona magauni kumi na moja ya tamasha hilo. Kati ya hayo, tisa ni meupe.

Karamu ya fumbo la mauaji ilikuwa wazo langu. Nilitaka kwa usiku mmoja watu ninaowapenda wakae ndani ya nguo nilizoshona, wale, waseme uongo, wacheke.

## Kadi

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Wiki tatu kabla, mwenyeji anampelekea kila mgeni kadi yake: wewe ni nani, unavaaje, unamjuaje marehemu, kitu gani lazima ukiseme mezani na kitu gani ukifiche mpaka ubanwe. Usiku wa karamu kunakuwa na vituo, na kila kituo bahasha inafunguliwa yenye kidokezo: risiti, barua iliyochanwa, glavu yenye doa. Watu wanahojiana huku wanakula. Mwisho kila mmoja anaandika jina.

Nilichagua Julai 1816 kwa sababu ya mvua. Mlima Tambora, kule Indonesia, ulilipuka Aprili 1815 na kurusha majivu mengi juu hata mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Mvua, baridi, mazao kuoza mashambani. Kwa mtunzi wa fumbo hiyo ni bahati: barabara zimejaa tope, wageni wamekwama kwenye nyumba ya Bwana Mkubwa, moto unawashwa Julai, na hakuna anayeweza kuondoka.

Sumu nayo haikunisumbua. Aseniki ilikuwa ikiuzwa madukani kwa ajili ya panya. Sheria ya Uingereza ya kudhibiti uuzaji wake ilikuja 1851, na kipimo cha kuaminika cha kuigundua mwilini kilipatikana 1836, kazi ya mkemia James Marsh. Kwa hiyo mwaka 1816 mtu angeweza kunyweshwa sumu mezani, na daktari aliyekaa kando yake asiwe na njia ya kuthibitisha kwa hakika.

Nilitunga nafasi nane. Mjane, aliyechoka kuwa mke. Kapteni, mpwa wa marehemu, amerudi kutoka vita vya Waterloo na madeni ya kamari. Kasisi. Daktari. Wakili mwenye wosia mbili mfukoni. Mwalimu wa watoto. Mpiga Fidla. Mpishi.

Kadi ya Kapteni ilikuwa kurasa nne. Ya Mjane, tatu na nusu. Ya Kasisi niliipenda mno, nikaiongezea barua ya mapenzi ya zamani ambayo haikuwa na kazi yoyote katika fumbo.

Ya Mpishi nitainakili yote hapa, kwa sababu inatosha:

"Umepika katika nyumba hii miaka kumi na miwili. Unajua nani anakula nini. Hukumpenda wala hukumchukia Bwana Mkubwa. Usiku ule ulikuwa jikoni. Ukiulizwa, sema kweli. Hukuua."

Sentensi sita.

Nilimpa somo yangu. Tuna jina moja na tumetoka mkoa mmoja, tulijuana hapa Bristol kwenye foleni ya kuchukua alama za vidole. Anafanya kazi ya kutunza wazee, na wiki ile alikuwa anatoka kwenye usiku wa tatu mfululizo. Alinipigia simu: "Somo, nipe maneno machache, kichwa hakipo." Basi nikampa machache.

Ukweli mwingine ni kwamba nilihitaji mtu wa kunisaidia kubeba vyombo, na Mpishi kuinuka mezani kungeonekana ni sehemu ya mchezo. Hilo sikumwambia.

## Vyote mezani

Enzi hizo chakula cha wakubwa hakikuja sahani baada ya sahani kama hotelini. Vyombo vyote viliwekwa mezani kwa pamoja, na kila mtu alijichotea kilicho mbele yake na kumkaribisha jirani. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hilo. Nilipika supu nyeupe ya lozi, kuku wa kuoka, samaki, mbaazi, na katikati ya yote sinia la pilau. Mgeni mmoja aliuliza kama pilau ina haki ya kuwepo, nami nilikuwa nalisubiri swali hilo: mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mtu wa Patna, alifungua London mgahawa wa vyakula vya Kihindi katika mtaa wa George. Pilau ina haki zake zote. Halafu krimu iliyopigwa na ndimu na sukari, na kinywaji cha moto chenye ndimu na kungumanga, kwa wanaokunywa kina divai na kwa wasiokunywa kina juisi ya zabibu.

Ulikuwa usiku mzuri. Niseme hivyo kwa moyo wote, maana nisije nikaandika makala hii kana kwamba nilikuwa na kisirani toka mwanzo. Wifi yangu, ambaye ndiye alikuwa Mjane, alilia machozi ya kweli. Kapteni, mfanyakazi mwenzangu, Mwingereza mpole asiyeweza kusema uongo kazini hata wa kuchelewa basi, alidanganya kwa ufundi hata mimi nikashtuka.

Mpiga Fidla alikuwa kaka mmoja wa Bukavu. Nafasi yake niliijenga juu ya mtu wa kweli, George Bridgetower, mwanamuziki mwenye baba mweusi, aliyepiga fidla Bath mwaka 1789 akiwa mtoto, akachukuliwa chini ya ulezi wa yule yule mwana wa mfalme aliyekuja kukaimu, na mwaka 1803 akapiga kwa mara ya kwanza pale Vienna sonata ambayo Beethoven alikuwa ameiandika kwa ajili yake. Watu walimhoji Mpiga Fidla mpaka pilau yake ikapoa. Alikuwa wapi? Nani alimlipa? Kwa nini Bwana Mkubwa alimtunza?

Nalisema hili kwa sababu nimejaribu kujiambia kwamba kilichotokea kilikuwa habari ya rangi na basi. Haikuwa hivyo tu. Mweusi wa fidla alikuwa na kisa, na watu walitaka kukisikia. Na kati ya wale saba walioandika "Mpishi", watatu ni watu wetu, wanaosema Kiswahili nyumbani.

Somo alikaa pembeni, karibu na mlango. Aliinuka kuleta mkate. Aliinuka kuondoa samaki. Kwenye kituo cha pili, wakati Wakili anafungua bahasha ya wosia, Daktari alinyoosha glasi yake juu bila kugeuza shingo na kusema, "Mpishi, maji." Yeye akaenda akaleta maji.

Sidhani kama Daktari alikuwa anaigiza. Sidhani kama alijua kwamba haigizi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na nilichofikiri ni: vizuri, mchezo umewaingia.

## Kwenye sinki

Wageni walipoondoka tulibaki wawili. Alikuwa anaosha, mimi nafuta.

"Somo, umejuaje?"

"Kapteni alimwambia Mjane amefika Jumanne. Nilikuwa naweka mchuzi. Halafu akamwambia Kasisi amekuja na gari la farasi la Alhamisi. Nilikuwa naondoa mchuzi."

"Mbona hukusema?"

Akasuuza bakuli la krimu, akaligeuza, akalisuuza tena.

"Hakuna aliyeniuliza."

Hakuwa na hasira. Alikausha mikono, akachukua pilau niliyomfungia, akanishukuru kwa usiku mwema, akaenda kuwahi basi. Aproni aliiacha imekunjwa juu ya kiti, kamba zake zimezungushwa vizuri kama tunavyofanya na kitu cha kuazima.

## Nilivyojitetea

Wiki ya kwanza nilisema ni mchezo. Wiki ya pili nikasema alitaka mwenyewe maneno machache. Wiki ya tatu nikasema ndivyo yalivyo mafumbo haya, mtumishi ni wa kwanza kushukiwa, kila anayecheza anajua, na ndiyo maana wote walikosea.

Hilo la tatu ndilo lililonikaba. Kama kila mtu anajua kwamba mtumishi hushukiwa bure, mbona walimshuku?

Nikachukua zile kadi nane nikazipanga kitandani. Nikatafuta kidokezo kimoja, hata kimoja, kinachomgusa Mpishi. Risiti ya aseniki ilikuwa kwenye mfuko wa koti la Kapteni. Glavu ilikuwa ya Kapteni. Wosia ulimnufaisha Kapteni. Mpishi hakupata kitu, hakupoteza kitu, hakuwa na ugomvi. Hakuna karatasi yoyote ndani ya bahasha zile iliyotaja hata kivuli chake.

Nikampigia wifi yangu. "Hivi wewe uliandika Mpishi kwa nini?"

Akafikiri. "Si yeye ndiye aliyekuwa na chakula?"

"Sumu ilikuwa kwenye kinywaji. Kinywaji alikichanganya Kapteni mbele yako."

"Enhe." Kimya. "Lakini wewe hukutupa kitu chochote juu yake, nikaona lazima anaficha."

Simu ilikatika, au nilikata mimi. Nilibaki nimekaa pembeni ya zile kadi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa shahidi wa jambo lile. Mimi ndiye niliyempa Kasisi barua ya mapenzi isiyo na kazi, na somo yangu sentensi sita. Sentensi chache zile ndizo zilizogeuka ushahidi dhidi yake.

## Madonge ya Chancery Lane

Nilikutana na Eliza Fenning kwa bahati mbaya. Nilikuwa natafuta habari za aseniki, nikitaka kurekebisha kosa dogo kwenye kadi ya Daktari.

Machi 1815, mtaa wa Chancery Lane, London. Eliza ni mpishi wa familia ya Turner, msichana wa miaka ishirini na kitu, hana hata miezi miwili mitatu katika nyumba hiyo. Anapika madonge ya unga wa hamira yaliyochemshwa. Wanaokula wanaugua: bwana, mkewe, baba wa bwana, na kijana mmoja mwanagenzi wa ofisini. Eliza naye anakula. Eliza naye anaugua. Hakuna aliyekufa.

Aseniki ya panya ilikuwa kwenye droo ya ofisi isiyofungwa, droo ambayo mtu yeyote wa nyumba ile aliweza kuifungua.

Aprili alifikishwa Old Bailey, mahakama ya London. Daktari aliwaeleza waamuzi kwamba visu vilivyotumika kwenye madonge viligeuka vyeusi, na kwamba weusi huo ni wa aseniki. Aseniki haifanyi kisu kiwe cheusi. Wakili wa Eliza aliweza kuwahoji mashahidi, lakini sheria ya wakati ule haikumruhusu kusimama na kuwahutubia waamuzi kumtetea mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa. Ruhusa hiyo ilikuja 1836, mwaka ule ule wa kipimo cha Marsh. Bibi wa nyumba aliwahi kumkemea, ikasemwa ndiyo sababu. Alihukumiwa kifo kwa kujaribu kuua.

Watu wengi waliona haki haikutendeka. Maombi ya kumwokoa yalipelekwa, hayakusikilizwa. Tarehe 26 Julai 1815 alinyongwa mbele ya gereza la Newgate huku akisema hana hatia. Baba yake alilazimika kulipa ndipo akabidhiwe mwili. Maelfu ya watu walimsindikiza makaburini.

Julai 1815. Mchezo wangu niliuweka Julai 1816. Wageni wale wa kubuni, Mjane na Wakili na Kasisi, wangekuwa wamelisoma jina lake magazetini mwaka mmoja tu nyuma.

Halafu nikafika kwenye nguo.

Alipandishwa kwenye mti wa kunyongea amevaa gauni jeupe la melimeli, limefungwa utepe juu, chini ya kifua.

Nililiona. Sikuhitaji picha. Najua mshono ule unavyokaa mabegani, najua unavyovuta mgongoni mwenye gauni akiinua mikono, najua jinsi melimeli nyeupe inavyopitisha mwanga asubuhi. Nimeshona magauni tisa ya namna ile na kuyapiga pasi kwa mkono wangu.

Usiku huo sikushona. Wala uliofuata.

## Jikoni chini

Jumamosi moja ya Aprili nilikwenda kwenye nyumba moja ya kale ya hapa Bristol, mtaa wa Great George, ambayo sasa ni makumbusho. Ilijengwa karibu na mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, aliyetajirika kwa mashamba ya miwa na watumwa kisiwani Nevis, kule Karibi. Nilishawahi kwenda mara nyingi, na kila mara nilikwenda kwa ajili ya juu: mapazia, viti, namna mwanga unavyoingia kwenye chumba cha kulia. Safari hii nilishuka jikoni moja kwa moja, nikasimama pale mpaka kundi la watalii likaja likaondoka.

Pinney alikuja Bristol mwaka 1783 pamoja na Pero, mtumwa wake. Pero alimhudumia mpaka alipofariki 1798, na leo ukivuka bandari kwa miguu unapita kwenye daraja lenye jina lake, lile lenye pembe mbili kubwa. Katika msafara huo huo alikuwepo Fanny Coker, mzaliwa wa Nevis, aliyekuwa ameshapewa uhuru akiwa msichana mdogo. Alikuwa mtumishi wa bibi wa nyumba. Alifariki hapa Bristol mwaka 1820.

Hesabu mwenyewe. Zama zile zote tunazozivalia magauni, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, Fanny Coker alikuwa mwanamke mweusi anayeishi mji huu. Huenda sindano ilikuwa mkononi mwake siku nyingi kuliko ilivyo mkononi mwangu.

Nilipokuwa natunga mchezo nilikwenda mpaka Vienna kumtafuta mpiga fidla. Mtumishi wa kike, aliyekuwa mji wangu, nilimpa sentensi sita.

## Pete

Nilimkwepa somo yangu karibu mwezi mzima. Nilikuwa naona aibu, naye alikuwa na zamu. Mwisho nikakaanga maandazi, nikayafunga kwenye taulo, nikaenda kwake Jumapili asubuhi.

Nilimsimulia yote. Zile kadi, wifi, Eliza, gauni. Alisikiliza huku anakunywa chai, na nilipomaliza nikamwomba radhi.

"Mimi sikuumia na mchezo," akasema. "Mchezo niliushinda."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mwaka juzi, kule nilikokuwa kabla ya hapa, ilipotea pete ya mzee mmoja. Pete ya ndoa. Tulikuwa watu tisa zamu ile, na wauguzi, na msimamizi, na watoto wake walikuja siku hiyo. Walianza na mikoba yetu sisi watunzaji. Tuliitwa mmoja mmoja, tukamwaga kila kitu mezani. Mimi nilikuwa na kanga ya kusalia na tende. Pete ilikuja kuonekana siku ya tatu kwenye soksi ya mzee mwenyewe, imeingia kidoleni."

"Wakasemaje?"

"Wakasema alhamdulillahi, kwa Kiingereza. Pete imepatikana. Kazi ikaendelea."

Akachukua andazi, akalikata katikati, nusu akanirudishia mimi.

"Siku ile nilikuwa najua pete iko wapi, somo. Yaani si kwamba nimeiona. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namvua soksi kila usiku, najua anavyovuta kidole chake akiwa na wasiwasi. Wangeniuliza tu, 'wewe unaonaje, itakuwa wapi?' ningewaambia tazameni kwenye soksi. Waliniuliza mkoba wangu ni upi."

Sikuwa na la kusema. Tulikunywa chai mpaka ikaisha, akatia nyingine.

## Kadi mpya

Ninaiandika upya. Nilifikiri kwanza kuupiga moto mchezo wote na kuachana na mauaji ya mezani kabisa, na kwa siku kadhaa niliamini hivyo. Kuna watu walinyongwa, na sisi tunakula krimu. Bado sina uhakika kwamba wazo hilo ni baya. Lakini kila nilipofikiria kuacha niliona kwamba kuacha kungekuwa kwa ajili yangu, nipumue. Somo yangu asingepata chochote.

Mwuaji ni yule yule, Kapteni, na njia ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna anayeweza kumfikia bila kupitia jikoni. Mpishi ndiye anayejua gari la farasi la Alhamisi halikufika kwa sababu ya tope, kwani samaki walitakiwa kuja nalo na hawakuja. Mpishi ndiye anayejua nani alishuka usiku kuomba sukari. Lakini hayasemi mpaka aulizwe, na nimeweka sharti kwenye kadi ya kila mgeni: huruhusiwi kuandika jina la mtu ambaye hukumhoji. Na kila atakayekaa kwenye kiti hicho ana shajara, ana mama huko Somerset, ana deni, ana mtu anayemsubiri. Kurasa tano. Barua ya mapenzi nimempokonya Kasisi nikampa yeye.

Anayebeba vyombo safari hii ni mimi mwenyeji.

Nilimpelekea somo kadi hiyo wiki iliyopita nikamwambia achague nafasi yoyote aitakayo, Mjane, Wakili, hata Kapteni. Aliisoma yote akiwa amesimama, miwani imeshuka puani.

"Nitakuwa Mpishi," akasema. "Huyu sasa namjua."

Nikatoa futi kumpima, maana mara ya kwanza sikumshonea kitu, alivaa gauni lake la kazini na aproni juu yake. Mabega, kifua, kutoka chini ya kifua mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nikamwuliza rangi.

"Yoyote," akasema, mikono ameinyoosha pembeni, "isipokuwa nyeupe."

Juzi nilipita Stapleton Road nikapata ya kijani, kijani cha jani la mgomba, yadi sita. Si melimeli, ni pamba nzito kidogo, haipitishi mkono. Ipo mezani hapa, nimeshaikata mgongo.